UZI: Droni ya gramu 249 haikutoi kwenye sheria za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Someni kabla hamjarusha kwenye harusi za watu

Rubani_wa_Irving

Wakuu, habari za wikendi.

Kila msimu wa joto ukikaribia, magrupu yetu ya WhatsApp hapa Marekani yanajaa matangazo ya "picha mnato, video na droni, bei ya maelewano". Sina ubaya na mtu anayetafuta riziki. Ila nikimuuliza mwenye tangazo kama ana leseni, jibu ni lile lile: "Kaka, yangu ni Mini, haifiki gramu 250, haihitaji chochote." Nimechoka kujibu mmoja mmoja pembeni, bora tulimalize hapa.

Hiyo gramu 250 haikutungwa na wauzaji, imo kwenye sheria. Lakini inamsaidia mtu anayerusha kwa kujifurahisha tu. Huyo anafanya mtihani mdogo wa mtandaoni unaoitwa TRUST, ni bure, anatunza cheti chake, basi. Droni ikifikisha gramu 250 anaisajili FAA kwa dola 5, usajili unadumu miaka mitatu, na namba moja anaibandika kwenye droni zake zote.

Ukirusha kwa sababu nyingine yoyote umeshahamia Part 107, sheria iliyoanza kutumika Agosti 2016. Kule uzito haukusaidii kitu. Unatakiwa uwe na leseni ya rubani wa droni, kila droni isajiliwe kivyake hata kama ni nyepesi kama simu, na iwe na Remote ID, yaani iwe inatangaza hewani namba yake, mahali ilipo na mahali uliposimama wewe na rimoti. FAA walivumilia wasio nayo hadi tarehe 16 Machi 2024, uvumilivu ukaisha hapo. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni "narusha kwa ajili ya nini?" Mizani ya jikoni weka pembeni kwanza.

Sasa tuje kwenye harusi, maana ndiko wengi wetu tuliko.

Kuruka juu ya vichwa vya watu kuna masharti yake. Droni ya daraja la kwanza, ambalo ndilo jepesi kuliko yote, inatakiwa isizidi pauni 0.55 (ndizo hizo gramu 250) pamoja na kila kilichofungwa juu yake, NA isiwe na kitu kinachozunguka wazi kinachoweza kuchana ngozi ya mtu. Mini ikitoka kwenye boksi ina propela za wazi, kwa hiyo haimo. Ukiifunga kinga za propela, uzito unapita pauni 0.55, haimo tena. Watu wengi wananaswa hapa wakidhani wamejipanga vizuri. Na hata ukipata inayofaa, kuning'inia juu ya mkusanyiko wa watu nje kunahitaji hiyo Remote ID.

Msinijibu kwamba wageni "ni washiriki". Mshiriki kwa macho ya FAA ni yule anayehusika na kuirusha droni: rubani na mwangalizi wake. Bi harusi, mshenga na kamati nzima ya maandalizi ni watu wa kawaida tu. Kinachoruhusiwa bila maneno ni kumpita mtu aliye chini ya paa au ndani ya gari lililosimama.

Njia ninayoipenda mimi: piga picha za ukumbi na mandhari kabla wageni hawajafika, halafu msafara wa maharusi uchukue kwa pembeni, kamera imeinamishwa, droni ikiwa juu ya nyasi na watu wakiwa mbele yake. Picha inatoka nzuri kuliko ile ya juu ya utosi, ambayo kusema kweli inaonyesha vipara tu.

Ndani ya ukumbi je? FAA hawasimamii kinachoruka ndani ya jengo. Hapo muulize mwenye ukumbi, na mtazame mpishi usoni.

mtoto_wa_gerezani

Mkuu nondo nzito. Ila mimi silipwi. Shemeji ananiita, naenda na droni yangu, napiga, nampa kama zawadi. Hapo si najifurahisha?

Rubani_wa_Irving

Hapana mkuu. Watu wanadhani mpaka ni pesa, na FAA wenyewe wameandika wazi kwamba hata msaada wa hisani unaweza kuhesabika si wa kujifurahisha. Mfano wao ni wa mtu aliyejitolea kupima ufukwe kwa droni kwa niaba ya shirika la hisani. Hapati hata senti na bado yuko Part 107. Ukirusha kwa raha yako, ukarudi na picha, ni zako. Ukienda KWA AJILI YA kumpigia shemeji video ya harusi, umekwenda kazini, hata kama malipo ni sahani ya pilau.

Mama_Zai

Ahsante kwa uzi. Sisi msikiti wetu huswali Idi bustanini na kijana wetu mmoja hurusha droni, picha zinawekwa kwenye ukurasa wa msikiti. Na yeye yumo?

Rubani_wa_Irving

Yumo, dada yangu. Anafanya kazi ya msikiti. Na watu waliokaa safu kwa safu ndio mkusanyiko wenyewe ninaousema. Mwambieni asome, mtihani wenyewe haumshindi kijana: ukiwa na miaka 16 na Kiingereza cha kusoma, kuandika na kuzungumza unaruhusiwa kuufanya. Si lazima awe raia wa Marekani. Msikiti ukimlipia ile dola 175 ya mtihani itakuwa sadaka nzuri.

Kuku_Choma_Houston

Nyie mnajisumbua. Nani amekamatwa? Mimi huu ni mwaka wa ngapi narusha tu, na polisi wananipungia mkono.

Rubani_wa_Irving

Tarehe 9 Januari 2025, moto wa Palisades kule Los Angeles. Jamaa alipanda juu ya jengo la maegesho Santa Monica akarusha droni kwenda kuutazama moto. Ikaenda si chini ya kilomita mbili na nusu, ikampotea machoni, ikagonga bawa la ndege ya kuzimia moto iliyokuja kutoka Kanada kusaidia. Tundu la inchi 3 kwa 6. Ndege ikatua salama lakini ikatolewa kazini wakati nyumba za watu zinaungua. Akakiri kosa kwenye mahakama ya shirikisho. Droni yenyewe? DJI Mini 3 Pro. Hiyo hiyo ya "haifiki gramu 250".

Na kumbuka kule kulikuwa na katazo la muda la kuruka, ambalo halikuhitaji hata kutafutwa sana. Angefungua programu ya B4UFLY angeliona limechorwa. Bunge la Marekani mwaka 2024 lilipandisha faini ya FAA hadi dola 75,000 kwa kosa moja. Polisi anayekupungia mkono leo siye anayeandika barua.

Kuku_Choma_Houston

Hiyo ya moto sawa, ni ujinga. Lakini mimi droni yangu ikiwa karibu na uwanja wa ndege inakataa yenyewe kuruka. Ikiruka maana yake ni salama.

Injinia_Mlaponi

Naomba nimjibu huyu, rubani apumzike kidogo.

Kaka, hilo lilikuwa zamani. DJI, watengenezaji wa hizo Mini, waliondoa kufuli hiyo kwa Marekani Januari 2025. Sasa programu inakuonyesha onyo kwa kutumia ramani za FAA, unabonyeza kukubali, inapaa. Mzigo wote umerudi kwako. Ndiyo maana kupanga kabla ya kuruka sasa ni lazima kuliko mwanzo.

Mimi hufanya hivi. Jioni ya kuamkia kazi nafungua B4UFLY (siku hizi inatolewa na makampuni kadhaa yaliyoidhinishwa, chagua moja) naweka anwani. Ikisema anga ya G, ile isiyo na waongoza ndege, hakuna wa kumwomba, nabaki chini ya futi 400. Ikisema B, C, D au E inayoanzia ardhini, hiyo ni anga ya waongoza ndege, nahitaji kibali. Kibali siku hizi hakikusumbui: mfumo unaitwa LAANC, unaombea kwenye simu. Ramani imegawanywa visanduku, kila kisanduku kina namba: 0, 50, 100, 200, hadi 400. Kisanduku kikisoma 100, ukiomba futi 100 au chini, jibu linakuja papo hapo, ujumbe wa simu. Ukitaka zaidi ya namba hiyo, mwenye leseni ya 107 anaweza kuomba mapema, hadi siku 90 kabla, lakini hilo linasomwa na binadamu na anaweza kukataa. Anayejifurahisha hana mlango huo. Kisanduku cha 0, tafuta pa kwenda.

Cha pili ni hali ya hewa, na hapa watu wanatazama jua na mvua kwenye simu wanadhani wamemaliza. Nenda aviationweather.gov, andika uwanja wa ndege ulio karibu, kwa Dallas ni KDFW. Unaweza kukuta hivi: 18015G25KT 5SM OVC008. Maana yake upepo unatoka kusini, nyuzi 180, noti 15 (maili za baharini kwa saa) na mapigo yanafika 25. Unaona mbali maili 5. Mawingu yamefunika anga lote kuanzia futi 800.

Sasa piga hesabu. Part 107 inataka uone angalau maili 3, sawa, tumepita. Inataka ubaki futi 500 chini ya mawingu: 800 toa 500, siku hiyo dari lako ni 300, hata kama kibali kinasema 400. Na upepo? Mini 3 Pro mtengenezaji anasema inahimili mita 10.7 kwa sekunde, kama noti 21. Mapigo ni 25. Itapaa, itakwenda na upepo kwa raha zote, halafu kurudi ndipo utaanza kuita majina ya mababu. Kwa mimi siku hiyo droni inabaki kwenye begi, bwana harusi anune.

Rubani_wa_Irving

Injinia umemaliza. Naongeza kimoja cha hapa kwetu Arlington na Irving. Katazo la viwanja vya michezo: maili 3 za baharini kuzunguka uwanja wenye viti 30,000 na zaidi, kuanzia saa moja kabla ya mechi hadi saa moja baada ya kwisha. Linahusu NFL (ligi kuu ya futiboli ya Marekani), besiboli ya ligi kuu, futiboli ya vyuo ya daraja la kwanza na mbio kubwa za magari. Pale Arlington uwanja wa Cowboys (futiboli) na wa Rangers (besiboli) ni majirani, na kumbi za harusi tunazozipenda ziko hapo hapo. Ubaya ni kwamba katazo hili ni la kudumu, linafuata ratiba ya ligi, wala usitegemee kila mechi uiandikiwe saa yake. Fungua ratiba ya Rangers kabla ya kupokea advansi ya mtu. Wanacheza karibu kila siku kiangazi kizima.

Binti_Baltimore

Na sisi wa Maryland mtuseme. Maili 15 kuzunguka uwanja wa ndege wa Reagan, Washington, ni marufuku kwa droni bila ruhusa maalumu ya FAA, iwe kazi iwe mchezo. Watu wanasoma hivyo wanafikiria Ikulu ya Marekani tu. Silver Spring imo, College Park imo, yaani nusu ya sherehe za Waafrika Mashariki wa huku zimo. Kati ya maili 15 na 30 unaruhusiwa kwa masharti ya kawaida.

Uwanja wa Ravens, timu yetu ya NFL hapa Baltimore, pia una historia. Januari 2024 mechi ya fainali ya AFC, moja ya makundi mawili ya NFL, ilisimamishwa kwa sababu ya droni, mwenyewe akafunguliwa mashtaka ya shirikisho. Walimpata.

fundi_paa_KC

Mimi ni fundi wa mapaa Kansas City. Natumia droni kutazama vigae vilivyoharibiwa na mvua ya mawe, nampa mteja ripoti. Nimeelewa kumbe mimi ni 107 kabisa. Swali: jengo likiwa refu, futi 400 zinahesabiwaje?

Injinia_Mlaponi

Kutoka ardhini iliyo chini ya droni. Ila wenye 107 tuna nafuu: ukiwa ndani ya futi 400 kuzunguka jengo au mnara, unaweza kwenda hadi futi 400 juu ya kilele chake. Hiyo ni kwenye anga ya G. Kwenye anga ya waongoza ndege kibali chako ndicho kinachotawala.

Na wewe fundi kwa sababu unakaa karibu na mali za watu: ukiharibu kitu cha mtu kwa zaidi ya dola 500, au mtu akiumia vibaya au kuzimia, una siku 10 za kuripoti FAA. Bima sheria ya shirikisho haikulazimishi, wateja wakubwa watakulazimisha.

Rubani_wa_Irving

Na kwa Texas kuna sheria ya jimbo, Government Code sura ya 423, kuhusu kupiga picha mtu au mali yake kwa nia ya kumchunguza. FAA hawaiangalii faragha, jimbo linaiangalia. Kila mtu asome ya jimbo lake.

mtoto_wa_gerezani

Hii ya usiku vipi? Sherehe zetu zinaanza saa mbili kwenye kadi, saa nne kwenye uhalisia.

Rubani_wa_Irving

😂 Ruksa tangu Aprili 2021, zamani ilibidi uombe. Masharti mawili: mtihani wako uwe na maswali ya usiku (wote wa sasa wanayo) na droni iwe na taa inayomweka na kuonekana umbali wa maili 3. Taa ndogo za kijani na nyekundu zilizokuja nayo hazitoshi, nunua ya kubandika. Na kama ni Mini, taa hiyo inahesabika kwenye uzito.

Halafu, kwa kuwa ni sherehe: masaa 8 tangu ulipokunywa mara ya mwisho. Aliyekaa na wajomba tangu mchana asishike rimoti.

Mwanajeshi_Mstaafu

Nawasoma toka asubuhi. Desemba nakwenda nyumbani, Moshi kisha Mombasa kwa wakwe. Leseni ya FAA inanitosha?

Omondi_wa_Kisauni

Karibu Mombasa mzee, lakini hiyo leseni ya Marekani huku haikufungulii mlango wowote. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, ibara ya 8, ndege isiyo na rubani haivuki kuingia anga ya nchi nyingine bila ruhusa ya nchi hiyo. Kila nchi ina yake.

Kenya tuna kanuni za 2020 chini ya KCAA, mamlaka yetu ya anga. Droni inasajiliwa, na kuiingiza nchini kunataka kibali KABLA hujaipakia. Usije ukategemea kuongea na maofisa pale kaunta ya forodha, utaiacha hapo na risiti, na likizo itaisha ukifuatilia. Wa chini ya miaka 18 hapati usajili. Ukitaka kwenda nayo Tsavo, hiyo ni KWS, shirika la wanyamapori, ombi lingine kando.

Binti_Baltimore

Tanzania ni TCAA, na kuna upande wa Wizara ya Ulinzi pia, kwa hiyo anza miezi kadhaa kabla. Hifadhini ni TANAPA. Kilimanjaro ni hifadhi, mzee, usijisahau ukaona mlima uko karibu na nyumbani. Hata Marekani ukifika Grand Canyon ni hivyo hivyo: hifadhi za taifa zote zilipiga marufuku mwaka 2014, hadi miezi sita jela na faini ya dola 5,000.

Betri za akiba ziweke kwenye begi la mkononi, si la kupakiwa. Chini ya Wh 100 (kipimo cha nishati ya betri) hazihitaji ruhusa ya shirika la ndege, na za kawaida za Mini hazifiki hata 20. Ncha zake zizibe kwa selotepu.

Mwanajeshi_Mstaafu

Kumbe. Basi droni itabaki Atlanta, nitapiga kwa simu. Mungu awabariki.

Kuku_Choma_Houston

Haya nimenyoosha mikono. Huo mtihani ukoje? Msinipeleke kwa mtu wa kozi ya dola 500.

Rubani_wa_Irving

Kozi ya kulipia si lazima. FAA wana kitabu cha kujisomea bure. Maswali 60, kila moja majibu matatu ya kuchagua, masaa mawili, unapita ukipata asilimia 70, yaani 42. Wengi wanaangushwa na ramani za anga, kwa hiyo theluthi mbili ya muda wako uumalizie hapo: duara la buluu lenye mistari iliyokatika ni anga gani, namba 40 juu ya mstari na SFC chini yake zinasema nini (dari futi 4,000, sakafu ni ardhini). Ramani hizo zinakuja kwenye kitabu utakachopewa chumba cha mtihani, hukariri.

Utaratibu: jisajili IACRA (tovuti ya FAA ya kuombea leseni) upate namba yako ya FTN, weka miadi PSI (kampuni inayoendesha mtihani), lipa 175. Ukifeli, unasubiri siku 14 na unalipa tena, kwa hiyo usiende kujaribu bahati. Ukipita unarudi IACRA kuomba leseni, TSA, watu wa usalama wa usafiri, wanachunguza rekodi zako, unapata ya muda ya kuchapisha mwenyewe, kadi inakuja kwa posta. Kila baada ya miezi 24 unafanya marudio mtandaoni, bure.

Kuku_Choma_Houston

Nina harusi mbili mwezi ujao tayari nimepokea advansi.

Rubani_wa_Irving

Kodi mwenye leseni kwa hizo mbili, wewe uwe mwangalizi wake. Sheria inaruhusu hata wewe ushike rimoti, mradi yeye amesimama pembeni yako na anaweza kuichukua mara moja. Nitumie tarehe na anwani za kumbi pembeni, niangalie visanduku.

Kuku_Choma_Houston

Moja ni Sugar Land, nyingine iko dakika tano kutoka uwanja wa ndege wa Hobby.

Injinia_Mlaponi

Hiyo ya Hobby mwambie bi harusi mapema.